Hakuna Anayeamka, Wote Hurauka

Katika insha za wanafunzi wetu hakuna mtu anayeamka. Watu hurauka. Hurauka majogoo ya kwanza, jua likichungulia kutoka matlai, ndege wakimtumbuiza Muumba wao, na kabla mhusika hajafika sebuleni ukurasa wa kwanza umekwisha. Akifika sebuleni hanywi chai, hustaftahi. Akitoka nje hatembei, huchapuza miguu. Na mtu wa kwanza atakayekutana naye njiani lazima akumbushwe kwamba wahenga na wahenguzi walilonga, na walipolonga hawakuambulia patupu.

Nafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari ya kutwa hapa Voi, na mafungu hayo ya mwanzo nayajua kwa ghibu kuliko wanaoyaandika. Mada ikiwa safari ya Mombasa, jua huchomoza. Ikiwa ajali ya barabarani, jua huchomoza. Niliwahi kuwapa mada kuhusu usiku ambao stima zilipotea mtaani, na hata hapo jua lilitafutiwa nafasi.

Msomaji asidhani nayachukia maneno hayo. Kurauka ni neno zuri, na siku moja mwanafunzi atalihitaji. Shida ni kwamba halimhusu yeye. Amelipokea tangu shule ya msingi, akalihifadhi pamoja na mengine, na sasa analitoa kila anapoona karatasi tupu. Tena tabia hiyo ina historia. Kuanzia 1985 hadi 2023 mtoto wa darasa la nane alikuwa akiandika insha ya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, kwa dakika 40, nayo ilibeba alama 40. Dakika 40 za kufikiri, kupanga, kuandika na kusahihisha, kwa mtoto wa miaka 13 au 14, moyo ukimwenda mbio. Mwalimu mwenye huruma alifanya nini? Alimpa mwanzo uliokwisha kutungwa. Kisha alimpa mwisho. Katikati mtoto alijaza mwenyewe, akijaaliwa.

Watoto hao ndio walioingia sekondari, na kundi lao la mwisho, waliofanya KCPE mwaka 2023, watafanya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, mwaka 2027. Huko insha ni karatasi nzima, ile ya kwanza, 102/1: saa moja na dakika 45, insha mbili, kila moja alama 20. Ya kwanza ni ya lazima na kwa kawaida ni ya kiuamilifu: barua rasmi, hotuba, kumbukumbu za mkutano, mahojiano. Ya pili mtahiniwa huchagua katika tatu, na humo ndimo mnamokuwa na methali na ule mdokezo wa kuanzia au kumalizia. Hizi za kiuamilifu sitazisema sana. Sura yake hufundishika kwa juma moja, na anwani mbili za barua rasmi hata mwanafunzi mvivu hazimshindi. Kinachotushinda sote ni mambo mawili makongwe: kusimulia jambo likasimulika, na kueleza jambo likaeleweka.

Nimefikia kuamini kwamba mambo yote mawili yanaharibika kwa sababu moja. Mwanafunzi hana mtu anayemwandikia. Anaandika kwa ajili ya mtahini, na mtahini katika fikra zake ni mtu anayejua kila kitu tayari, anayetaka tu kuhesabu misamiati. Kwa desturi ya usahihishaji wetu, neno teule hutiwa alama ya vema juu yake. Mtoto ameziona vema hizo kwenye daftari lake tangu utotoni, akajua biashara iko wapi. Ukimwandikia mtu wa namna hiyo, kuna haja gani ya kueleza? Yeye si anajua? Na kuna haja gani ya kumtia hamu? Yeye si analipwa kusoma?

Basi kazi yangu, kwa sehemu kubwa, imekuwa kuwatafutia wanafunzi msomaji.

Nianze na insha ya maelezo, maana ndiyo inayodharauliwa. Wengi huiona kuwa insha ya watu wasio na ubunifu. Mada za vitabuni nazo haziisaidii: umuhimu wa misitu, madhara ya dawa za kulevya, faida za teknolojia. Mwanafunzi wa Voi ambaye hajawahi kuona hata msokoto mmoja ataandika kurasa mbili za madhara ya mihadarati, hoja kumi zenye mpangilio, na hakuna hata moja aliyoitoa kichwani mwake. Anaanza kwa sentensi ile ile: hili ni tatizo linalowakumba watu wengi ulimwenguni siku hizi.

Mimi huwaambia waeleze kitu wanachokifanya kwa mikono. Mwanzoni hukaa kimya, wakidhani ni mtego. Kisha mmoja anasema anajua kupika mabuyu ya rangi, kwa kuwa mama yake anayauza shuleni. Mwingine anajua kukamua mbuzi mkaidi. Kijana mmoja wa nyuma, ambaye katika insha zake za kawaida hapati zaidi ya alama saba, alisema anajua kuziba pancha. Jumamosi humsaidia mjomba wake kando ya barabara kuu, pale malori ya Mombasa na Nairobi yanapopumzika.

Nikamwambia aandike, na Jumatatu alete vifaa. Akaja na gurudumu la baiskeli, vyuma vya kubandulia tairi, kipande cha msasa, gundi, viraka na karai. Nikachagua msichana ambaye hajawahi kugusa tairi maishani mwake, nikampa ile insha. Sharti lilikuwa moja: afanye yaliyoandikwa, asiongeze la kichwani mwake, na mwandishi asifungue mdomo.

Sentensi ya kwanza ilisema kwamba pancha ni tatizo linalowakumba watu wengi ulimwenguni siku hizi. Msichana akasoma, akainua macho. “Hapa nifanye nini?” Darasa likaangua kicheko. Akaendelea. Sentensi ya pili iliwanukuu wahenga. Ya tatu ilisema: toa tyubu kisha uzibe mahali palipotoboka. Akalitazama gurudumu, akalizungusha, akalibonyeza. Tyubu haikuonekana, sembuse tundu. Mwandishi alikuwa anatoka jasho. Mwishowe uzalendo ukamshinda, akapaza sauti: “Lakini hiyo si inajulikana!”

Nikaiandika ubaoni: si inajulikana. Tuliiacha pale wiki nzima, mwalimu wa hisabati akaja akaiuliza, akaambiwa asiifute.

Siku iliyofuata kijana aliandika upya, na safari hii alikuwa na mtu wa kumwandikia: msichana yule yule. Akaanza kwa kumwambia atoe upepo wote kwanza, kisha aingize chuma kimoja kati ya tairi na rimu, akiegemeze kwenye spoki, ndipo aingize cha pili. Atoe tyubu, aitie upepo kidogo, aizamishe kwenye karai kipande baada ya kipande, na mahali pale mapovu yanapotoka ashike kwa kidole asije akapapoteza. Apakaushe, apasugue kwa msasa. Kuhusu gundi aliandika hivi: ipake, halafu subiri mpaka ukiigusa kwa mgongo wa kidole isinate, watu wengi hubandika kiraka gundi ikiwa mbichi, ndiyo maana wanarudi kesho. Na kabla ya kurudisha tyubu, pitisha mkono polepole ndani ya tairi, kwa sababu mwiba uliotoboa bado umo.

Huo mwiba ndio ulionifurahisha. Hakuna kitabu cha insha kitakachomfundisha mtu kuukumbuka. Ameukumbuka kwa kuwa aliwahi kuziba tyubu ile ile mara mbili, mjomba wake akamfokea. Tena angalia alichofanya kwenye gundi: ametoa agizo, akatoa sababu, akaonyesha kinachotokea mtu akipuuza. Maelezo mazuri yote, hata yale ya figo inavyochuja damu, yana mambo hayo matatu. Mwanafunzi aliyekuwa akipata saba anayo tayari. Hakuambiwa tu kwamba yanahesabiwa.

Kwenye masimulizi mambo ni magumu zaidi, kwa kuwa watoto wetu wanadhani kuna Kiswahili cha kuishi na Kiswahili cha insha.

Nina wanafunzi kadhaa wanaotoka vijiji vya chini ya mlima Sagalla, kusini mwa mji, vinavyopakana na Tsavo Mashariki. Huko tembo ni jirani. Mahindi yakikaribia kukomaa, hutoka mbugani usiku na kuingia mashambani. Msichana mmoja aliandika insha ya usiku kama huo. Alirauka, bila shaka, ingawa ilikuwa saa saba usiku. Alitetemeka kama unyasi. Alipiga usiahi. Miguu yake ilimwambia mguu niponye. Mwishowe askari wa wanyamapori walifika, tembo wakafukuzwa, na yeye akajua kwamba baada ya dhiki faraja.

Nilimwita, nikamwomba anisimulie kwa mdomo, daftari likiwa limefungwa.

“Ukweli, mwalimu, hatukupiga kelele,” akasema. “Tulisikia mahindi yakikatika, kacha, kacha, halafu kimya, halafu tena kacha. Bibi akazima taa. Akatuambia tukae sakafuni, tusiguse mlango. Mdogo wangu akauliza kama watamaliza yote. Bibi akamjibu, waache wale, mwenye njaa hagombezwi. Asubuhi akahesabu mabua yaliyobaki, akaanza kuyafunga upya moja moja, hata yale yaliyovunjika kabisa.”

Nikamuuliza kwa nini hayo hakuyaandika.

“Hicho si Kiswahili cha insha.”

Nimewahi kukaa kwenye semina za walimu tukachambua sababu za matokeo duni tangu asubuhi hadi jioni, na sijasikia sababu iliyo wazi kuliko jibu hilo. Mtoto ana bibi anayezima taa ili tembo wasivutwe na mwanga. Ana sauti ya mahindi gizani. Ana mabua yaliyovunjika yanayofungwa na mtu anayejua hayataota. Hivyo vyote ameviacha nyumbani, akaja shuleni na unyasi wa kukodi.

Baada ya hapo ndipo ufundi unapoingia, na Kiswahili kimetupa vifaa ambavyo mtoto anavitumia kila siku bila kuvijua. Mwanafunzi anayeogopa insha huandika: niliamka, nilisikia kelele, nilimwita bibi, nilikaa chini. Kila tendo limesimama peke yake. Akiongea na wenzake kwenye matatu hasemi hivyo kamwe. Husema niliamka, nikasikia kelele, nikamwita bibi, akaniambia nikae chini. Ile -ka- inaonyesha kwamba tendo moja limefuata jingine, na msikilizaji anataka kujua lifuatalo. Kisha kuna -ki-, ya mambo yanayokwenda pamoja: tembo wakila, sisi tumekaa sakafuni, bibi akihesabu kwa sauti ya chini. Nikitaka msomaji aende mbio nampa -ka-. Nikitaka atulie, asikilize, nampa -ki-. Zoezi langu ni kuwapa tukio moja, waliandike lote kwa -li-, kisha kwa -ka-, kisha wachague wenyewe pa kukimbia na pa kusimama. Wengi hugundua hapo kwa mara ya kwanza kwamba sarufi si adhabu.

Jambo la pili ni kuficha. Msimulizi anajua mwisho, na kazi yake ni kutoutoa mapema. Wanafunzi wetu huandika sentensi ya kwanza: siku hiyo tembo walivamia shamba letu na kula mahindi yote. Basi sisi wengine tunasubiri nini? Msichana wa Sagalla, alipoandika tena, alianza na sauti. Kacha. Hakutaja tembo hadi fungu la tatu. Darasa nililolisomea lilikuwa na watu wa mjini ambao hawajui mahindi yanavunjikaje, nao walikaa kimya wakikisia: mwizi? ng'ombe? Mmoja akasema ni jini.

Kisha nikampa kazi ya pili juu ya jambo hilo hilo. Karibu na kwao, tangu mwaka 2009, kumekuwa na mradi wa uzio wa mizinga ya nyuki. Nikamwomba amweleze mtu wa Nairobi jinsi uzio huo unavyofanya kazi. Hapa mambo yaligeuka. Kuficha, ambako kwenye kisa kulikuwa sifa, kwenye maelezo ni uchokozi. Msomaji anataka kuambiwa mwanzoni kabisa: tembo, pamoja na ukubwa wake wote, huogopa nyuki, kwa kuwa humuuma kuzunguka macho na ndani ya mkonga. Akishalijua hilo, mengine hujipanga. Mizinga huning'inizwa kulizunguka shamba, kila baada ya mita kumi hivi, ikiunganishwa kwa waya. Tembo akisukuma waya apite, mizinga hutikisika, nyuki hutoka, naye hurudi alikotoka. Mwenye shamba huvuna mahindi na huvuna asali. Angalia pia kwamba zile -ka- zimepungua na hu- imeshika usukani, kwa sababu hatusemi tena ya usiku mmoja; tunasema ya kila usiku.

Siku hizi hivyo ndivyo ninavyofundisha aina hizi mbili: jambo moja, mara mbili. Muuza mabuyu aeleze yanavyopikwa, kisha asimulie siku sukari ilipoungua. Mtoto wa fundi aeleze kiraka, kisha asimulie mteja aliyekimbia bila kulipa. Anayeweza kufanya hivyo hahitaji tena kuambiwa tofauti ya masimulizi na maelezo, ameihisi kidoleni.

Methali ni habari nyingine, na hapa nakiri kwamba mtihani wenyewe unatubana. Mtahiniwa akipewa methali hutakiwa kutunga kisa kinachoithibitisha, na pande zote mbili za methali lazima zionekane. Mchelea mwana kulia: huo ni upande mmoja, lazima tumwone mzazi akichelea. Hulia yeye: lazima tumwone akilia. Wanafunzi hulijua hilo vizuri mno. Matokeo yake ni kwamba kwa methali hiyo nimemzika kijana yule yule miaka nenda miaka rudi. Amedekezwa, ameacha shule, ameiba, amepigwa na umma, mama analia. Kuna wachache huona haya kumuua, wakamfunga jela. Na kuna wale ambao, wakibanwa na wakati, huandika kwamba ghafla niliamka nikagundua yote yalikuwa ndoto. Mwisho huo nimeupiga marufuku darasani kwangu, na sijuti.

Ninachowashauri ni kuanza na mtu. Mtafute mama unayemjua mtaani, mwenye duka, mwenye mtoto mmoja. Alimchelea vipi? Si kwa kumpa kila kitu; hivyo husema vitabu. Labda alikuwa akimwandalia chakula kabla ya wateja, na mtoto akazoea kwamba duka litasubiri. Analia vipi? Huenda hakuna aliyekufa. Huenda ni mama mzee tu, amesimama nyuma ya kaunta saa nne usiku, na kijana wa miaka 25 anauliza chakula kiko wapi. Methali imetimia pande zote mbili, na hakuna polisi aliyehitajika.

Wenzangu wa idara hunipinga, nao wana hoja. Husema: mtihani unataka lugha pevu, na mtoto wa familia isiyo na vitabu ataipata wapi asipokariri? Nawaelewa. Vielezo vinahitajika, Shaaban Robert mwenyewe alituachia Kielezo cha Insha, mwaka 1954, na sioni ubaya wa mwanafunzi kusoma insha njema mpaka mdundo wake umkae masikioni. Ugomvi wangu ni na kukata fungu la mtu na kulibandika kwako. Isitoshe, hata mizani ya mtihani haisemi wanavyodhani. Insha huwekwa kwenye viwango vinne. D ni alama tano kwenda chini, C ni 6 hadi 10, B ni 11 hadi 15, A ni 16 hadi 20. Anayeingia A ni yule ambaye mawazo yake yanatiririka, hoja zake zimekomaa, na lugha inamtii. Maneno mazito yasiyo na mtiririko hayamfikishi huko. Na aliyepotoka, akajitungia swali lake na kulijibu, huangukia D hata kama jua lake limechomoza vizuri namna gani.

Kinachotukwamisha kweli ni usahihishaji. Darasa la wanafunzi zaidi ya hamsini, mikondo mitatu, insha ya kurasa mbili kila wiki: hesabu hiyo haina jibu. Mimi husahihisha jambo moja tu kila safari. Wiki hii natazama mianzo, kalamu haigusi kingine. Wiki ijayo natazama -ka- na -ki-. Wiki nyingine sababu: je, kila agizo limeelezwa kwa nini? Makosa mengine nayaona, roho inauma, nayaacha. Daftari lililojaa wino mwekundu mwanafunzi hulifunga haraka kuliko alivyolifungua. Kabla ya insha kunifikia, lazima iwe imesomwa na mwenzake mmoja, ambaye ameandika chini yake swali moja tu: pale alipopotea, au pale alipotaka kujua zaidi. Maswali hayo ni makali kuliko yangu. Chini ya insha moja ya harusi nilikuta: “Umesema chakula kilikuwa kitamu. Kilikuwa nini?”

Kuhusu mtihani wenyewe, huwa nawaambia watenge zile dakika 105 hivi: dakika 10 za kusoma maswali yote na kuchagua la pili kabla ya kugusa la kwanza, 40 kwa kila insha, na 15 zinazobaki warudi kwenye fungu la kwanza la kila insha. Wakikuta mtu anarauka humo, wajiulize aliamka saa ngapi, na kama kweli kuna haja ya kumwamsha.